Mtu wa Kulabu

Jumatatu, 15 Septemba

Leo ndiyo mwisho wa ile ruhusa ya kujilaza mchana. Kiangazi chote sheria ya nchi hii inakataza watu kufanya kazi juani saa za mchana, kwa hiyo tulikuwa tunajitupa chini ya lori kama mbuzi. Kuanzia kesho, khalas, imekwisha. Kempu nzima wamenuna. Mimi sinuni. Mimi ni Idd wa Korogwe, jua lenyewe likiniona linatafuta kivuli.

Habari kubwa ni kwamba helikopta inarudi. Kiangazi haifai, hewa ikiwa ya moto inakosa nguvu, inainua mbao mbili tatu halafu inahema. Sasa joto linashuka na msimu unaanza. Wakubwa wetu wanajenga nyumba za mbao za watalii kule Hatta, juu ya mlima usio na barabara. Sisi hapa Investments Park, Dubai, tunakata mbao na kuzifunga mafungu, lori linazipeleka hadi bondeni, helikopta inazinyanyua kwa waya mrefu hadi kileleni. Mwenye kulitundika fungu kwenye kulabu, lile lidude likivuma juu ya utosi wake, huyo ndiye mwanaume. Wengine wote ni wapagazi tu.

Mtu wa kulabu ni Mzee Severin, Mhehe wa Mufindi. Kwao ameangusha misonobari kwa msumeno wa mashine tangu mimi sijazaliwa. Msaidizi wake mwaka huu ni mimi. Mwakani yeye atakuwa msaidizi wangu. Nimeshamwambia. Hakujibu, alikuwa anafunga kamba za buti.

Alhamisi, 18 Septemba

Vumbi. Wali na dengu. Dengu na wali.

Jumanne, 23 Septemba

Siku ya kwanza ya kubeba. Basi limetutoa kempu bado giza, tumefika Hatta milima inaanza kupata rangi. Thamer, msimamizi wetu, alikuwa ameshafika na kikombe chake cha chai, anapiga makofi. "Yalla, yalla, shabab!" Yaani haya, vijana. Thamer haongei, anapiga makofi. Nadhani hata mkewe anamwita hivyo hivyo.

Evans ndiye mwenye redio. Ni Mkenya, buti zake zinang'aa kuliko uso wangu, na kazi yake ni kusimama mbali kivulini akiongea na rubani. Nimemwambia, "Evans, wewe umekuja Dubai kufanya kazi au kutangaza mpira?"

"Buda, kila mtu na talanta yake," akasema. "Wewe yako ni mdomo. Tukimaliza mbao tutakufunga wewe kwa hiyo waya."

Helikopta ilipokuja nilicheka peke yangu. Upepo wake unakuvua ngozi. Kulabu ikashuka mbele yangu inayumba, nami nikanyoosha mkono niidake kishujaa, Evans aone. Mzee Severin akanipiga kofi la mkono mpaka nikakaa chini. Akaingoja ile kulabu iguse mawe kwanza. Ilipogusa ikatoa cheche, tii! Ndipo akaishika.

Baadaye akanieleza. Yale mapangaboi yakizunguka kwenye hewa kavu yenye vumbi yanatengeneza umeme, na umeme wote unashukia kwenye kulabu. Ukiishika kabla haijagusa chini, unaupokea wewe.

"Nilijua," nikamwambia.

"Ulijua mama yako," akasema Mzee Severin, akaenda kunywa maji.

Ijumaa, 26 Septemba

Leo nimeidaka kabla haijagusa. Makusudi, nione. Mkono umekufa ganzi hadi kwenye bega. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimegundua jambo.

Mzee Severin hapokei simu. Inaita mfukoni, watu wanamwonyesha, anaitoa, anaitazama, anairudisha. Tulikuwa tunasema ni ubahili, anaogopa kuombwaombwa. Mimi nilikuwa wa kwanza kulisema hilo, na nilikuwa naigiza anavyoirudisha mfukoni, kempu wanavunjika mbavu.

Leo tulikuwa tunakunja mikanda ya kufungia mafungu, yeye mbele mimi nyuma, helikopta haipo, kumetulia kabisa. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena. Nikasema, "Mzee Severin, una kisogo kama kiazi." Kimya. Nikasema mengine ambayo siandiki, mama yangu akiyasoma atanikana. Yote ya kumhusu yeye na ukoo wake hadi kwa mababu. Anaendelea kukunja mkanda, taratibu, anaulaza vizuri.

Nikazunguka mbele yake. Akaniona midomo inacheza.

"Unasemaje?"

"Nasema leo kuna joto."

Akaweka mkanda chini. Halafu akasema kwa ile sauti yake ya juu ambayo tulidhani ni ukali wa Kihehe: "Toka lini unajua?"

"Sasa hivi."

Masikio yameliwa na msumeno, miaka na miaka ya msitu bila kuyaziba. La kushoto limekwisha. La kulia limebaki kidogo, ukimpigia kelele mdomo ukigusa. Akivaa yale makopo ya masikioni yenye redio ndani, haambulii neno. Anafanya kazi kwa macho, na ukimwelekea anaambulia maneno kidogo midomoni. Kilichobaki ni hesabu yake mwenyewe ya upepo na kivuli cha helikopta chini.

"Ukisema, Idd, wananipandisha ndege wiki hii hii."

"Mimi nimwambie nani?"

"Wewe una mdomo."

"Mdomo wangu una mlango, Mzee."

Alhamisi, 9 Oktoba

Tumetengeneza lugha yetu. Nasimama nyuma yake. Kofi moja mgongoni, kulabu inashuka. Makofi mawili, fungu linapanda, kimbia, usiulize. Redio inaongea masikioni kwangu, mkono wangu unaongea mgongoni kwake. Thamer anatuona tunavyokwenda sawa, anasema tunafanya kazi kama ndugu. Nimemwambia Mzee Severin tumesifiwa. Akasema, "Unapiga kwa nguvu mno."

Jumatatu, 13 Oktoba

Ukungu. Helikopta haikupanda. Tumekaa kwenye basi kutwa. Evans ametuonyesha picha za wanawake watatu, wote anasema ni mchumba wake.

Jumanne, 14 Oktoba

Ukungu.

Jumatano, 15 Oktoba

Ukungu asubuhi. Mafungu manane jioni. Kofi moja mara nane, makofi mawili mara nane.

Jumapili, 19 Oktoba

Mapumziko. Nimekwenda Deira kununua saa. Nimerudi na mkanda wa suruali. Mzee Severin ameshinda kitandani akisoma Biblia, tena kwa kutikisa midomo. Watu wanne walikuwa wanagombana chumbani kuhusu zamu ya jiko, wamerushiana hadi sufuria. Yeye kafungua ukurasa mwingine. Kwa mara ya kwanza nimemwonea wivu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Sijui kama nazoea au nachoka. Zamani helikopta ikija moyo ulikuwa unaruka. Siku hizi naona ni kama pangaboi la chumbani, ila kubwa. Vumbi linaingia mdomoni nalitafuna tu.

Jumanne, 4 Novemba

Leo nimepanda cheo!

Thamer alikuwa analalamika kwamba watu wa juu kileleni ni wazito, wanapokea fungu kama wanapokea maiti, rubani anachoma mafuta bure. Nami nilikuwa karibu. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema mimi naruka mawe kama mbuzi. Nikasema kwetu Usambara mtoto anazaliwa kwenye mteremko. Hiyo si kweli, Korogwe ipo chini ya mlima na ni tambarare, ila Thamer atajuaje?

"You, mdomo mkubwa," akasema, "Alhamisi wewe juu. Wewe kulabu ya juu."

Kulabu yangu mwenyewe! Nimempigia simu mama. Nimemwambia nimekuwa mkuu wa mlima.

Jumatano, 5 Novemba

Mzee Severin ameuliza nani atakuwa nyuma yake kesho. Nimemwambia Evans. Akauliza, "Anajua?" Nikamwambia hajui, ulisema nisimwambie mtu. Halafu akasema sawa, nilifanya kazi kabla yako.

Jioni nilimwambia Evans, "Kesho mwangalie mzee." Evans akasema, "Mimi ndiyo namwangalia kila siku, msee, si nina redio." Ningemweleza angeeleza kempu nzima. Anachokijua Evans, kesho yake kinajulikana hadi Sharjah.

Usiku huu inanyesha. Mvua ya kwanza.

Alhamisi, 6 Novemba

Naandika Ijumaa lakini ni mambo ya jana.

Mvua ilinyesha Hatta pia, tena zaidi. Mafungu yalikuwa yamelala bondeni bila turubai. Mimi nilipandishwa kileleni na helikopta yenyewe, wenzangu watatu nami, nikiwa mbele kabisa kama balozi. Juu kule unaona mawe tu, mekundu, mpaka Oman. Nilipiga picha kumi na tano nikiwa nimekunja mikono.

Redio ikawaka. Nikamsikia Evans bondeni: "Sir, hizi mbao zimekunywa maji. Ni nzito." Nikasikia makofi ya Thamer. Yanasikika hata kwenye redio. "Yalla, Evans. Yalla."

Fungu la kwanza limekuja, nimelipokea vizuri. La pili vizuri. Nilikuwa naimba.

La tatu nikamsikia rubani anasema hapandi, mzigo umemshinda. Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anasema hali sukari. Halafu upepo. Halafu akasema waondoke chini, analiachia fungu. Evans akalipokea akaanza kulirudia kwa kelele: ondokeni, ondokeni, ondokeni. Halafu akaacha kusema ondokeni akaanza kuita jina. "Severin! Severin! Mzee, toka! Mzee!"

Nilikuwa nimesimama juu ya jiwe. Nikainua mkono. Nikapiga hewa mara mbili. Mwenzangu aliyekuwa pembeni aliniuliza nafukuza nini.

Evans aliniambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Mzee Severin alikuwa ameshatundika, amesogea hatua chache kama kawaida, akageuka kukusanya mikanda iliyobaki chini. Amewapa mgongo. Anaulaza mkanda vizuri, anaukunja. Evans alikimbia kumfuata lakini alikuwa mbali, kwenye kivuli chake. Fungu halikumwangukia lenyewe. Lilianguka kando likapasuka, mbao zikaruka. Mbili zimempiga nyonga na paja la kushoto.

Sisi wa juu tulikaa hadi alasiri, kwa sababu ile helikopta ndiyo iliyomchukua. Hakuna barabara. Tulikaa tukala biskuti. Nilijiuliza kama nasikia njaa, nikakuta nasikia, nikala.

Jumamosi, 8 Novemba

Kazi imesimama.

Jumatatu, 10 Novemba

Imesimama. Wamempasua nyonga, wameweka vyuma.

Jumanne, 11 Novemba

Evans hali chakula. Wanasema redio yake ilikuwa mbovu au hakutoa onyo kwa wakati. Mtu mmoja wa ofisini ameichukua redio kwenye mfuko wa nailoni kama ushahidi wa mauaji. Evans anatembea na soksi tu, buti zipo chini ya kitanda zina tope, hajazipangusa.

"Idd, wewe ulikuwa kwa line. Si ulinisikia nikiita?"

"Nilikusikia."

"Basi kwani yeye hakusikia aje? Manze, niambie. Hakusikia aje?"

Nikamwambia nakwenda kuswali. Haikuwa saa ya swala.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo wamenipeleka hospitali kutafsiri.

Amekuja madam Jumana, mkaguzi wa usalama kutoka ofisi kuu, na Thamer, na Evans ameachwa kwenye benchi la nje. Mzee Severin Kiingereza chake ni cha "yes" na "finish". Mimi Kiarabu changu ni cha madrasa na cha matusi, Kiingereza ni cha saiti, lakini kwenye kempu mimi ndiye niliyejisifu kwamba lugha zote nazimudu. Basi wakaniita.

Mzee amekonda. Mguu wameuning'iniza. Nikainama hadi sikio la kulia, mdomo ukigusa, nikapiga kelele. Wagonjwa wa wodini wote wakageuka. Madam Jumana akanitazama, akamtazama yeye, nadhani hapo hapo alishaelewa, ila alitaka lisemwe.

"Muulize, alisikia onyo?"

Nikamuuliza.

"Sikusikia," akasema Mzee Severin.

"Redio ilikuwa mbovu?"

Mlango ulikuwa wazi. Niliona magoti ya Evans kwenye benchi.

"Redio nzima," akasema. "Mwambie redio nzima kabisa. Masikio ndiyo mabovu. Mwambie tangu mwaka juzi. Yule kijana wa redio asimguse."

Nikatafsiri. Thamer akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema kwa Kiarabu, alitudanganya, maskini, alitudanganya. Lile la mbao kulowa halikuulizwa. Nilingoja liulizwe.

Madam Jumana akaandika, akainua kichwa.

"Muulize, kuna mtu mwingine kazini aliyekuwa anajua?"

Nikamtazama madam. Alikuwa ananitazama kama unavyolitazama bomba, unangoja maji. Nikainama. Nikaliuliza swali lile sikioni kwake, kwa kelele zangu zote, wodi nzima isikie: "Wanauliza! Kuna mtu mwingine! Kazini! Alikuwa anajua?"

Mzee Severin akageuza kichwa. Tulikuwa karibu mno, pua zinataka kugusana. Ana kovu dogo chini ya jicho, sikuwahi kuliona.

"Hakuna," akasema.

"Anasema hakuna, madam."

Nimetafsiri neno kwa neno. Sijaongeza, sijapunguza. Tangu nizaliwe sijawahi kusema kitu cha mtu sawasawa namna ile.

Tulipokuwa tunatoka akanishika shati. "Nenda kazini, dogo," akasema kwa sauti yake kubwa.

Jumapili, 16 Novemba

Evans ameninunulia biriani. Amesema nimemwokoa. Nimeila yote.

Alhamisi, 27 Novemba

Mzee Severin ameondoka. Kiti cha magurudumu hadi kwenye ndege. Tulikuwa kazini, hatukumsindikiza. Kitanda chake wamekinyunyizia dawa ya kunguni.

Jumatatu, 1 Desemba

Thamer amepiga makofi, amesema kuanzia leo mtu wa kulabu bondeni ni Idd. Wenzangu wakapiga makofi pia. Ningesema kitu cha kuchekesha. Walikuwa wanangoja kabisa, Evans ameshaanza kutabasamu. Sikupata.

Nimengoja kulabu iguse mawe. Imetoa cheche. Nimeishika.

Jumatano, 3 Desemba

Mafungu kumi na mbili.

Alhamisi, 4 Desemba

Mafungu kumi na mbili. Baridi alfajiri. Mama amepiga, tumesikilizana tunapumua mpaka akakata.

Jumanne, 9 Desemba

Nimepewa msaidizi. Anaitwa Erisa, Mganda, mgeni kabisa, yupo kwenye majaribio. Ana umri wangu lakini ananiita boss. Anauliza maswali mengi. Nimemwambia kulabu iguse chini kwanza. Akasema, "Mimi najua hiyo." Nikamtazama. Sikumpiga kofi. Nimemwambia mara ya pili, polepole.

Jumatatu, 15 Desemba

Leo kwenye basi Erisa alikuwa anatetemeka. Nilidhani baridi. Tulipofika Hatta alishuka akaenda nyuma ya tairi akatapika, akafukia kwa mguu, akarudi anapangusa mdomo.

"Una nini?"

"Mimi iko sawa, boss."

Nikamgusa shingo. Ilikuwa moto kama bati.

"Kichwa inazunguka kidogo tu," akasema. "Kidogo. Tutafanya kazi, itaisha. Wewe nyamaza tu, ssebo. Nikirudi kempu leo watasema mimi mgonjwa mgonjwa, watanipeleka nyumbani. Nyumbani wameuza ng'ombe nifike hapa. Tafadhali. Nani atajua?"

Jua lilikuwa linachungulia. Thamer yuko kule na chai yake. Evans anajaribu redio: moja, mbili, moja, mbili. Helikopta ilishaanza kusikika nyuma ya mlima.

Nikasema, "Kaa hapa."

Nilitembea hadi kwa Thamer. Sikukimbia. Nilimwambia huyu Mganda ana homa, hawezi kusimama chini ya kulabu, mtoe. Thamer akaniuliza kama nina uhakika, maana hana mtu mwingine na kazi imeshachelewa. Nikamwambia ama yeye anatoka ama kulabu haishikwi leo. Nilisema hivyo, mimi. Wala sikuona ujanja wowote ndani yake. Thamer akatukana kwa Kiarabu, akaita gari.

Erisa alipoelewa alinitazama tu. Wakampandisha kwenye pikapu mbele ya wote. Alikuwa analia, lakini hakutoa sauti, na gari lilipogeuka hakunipungia.

"Idd," Evans akasema, "umemuuza msee hivyo? Mtu amekuomba?"

"Ndiyo."

"Sasa watamrudisha."

"Najua."

"Ati unajua." Akatema mate. "Kumbe wewe ni baridi hivi."

Akaja kusimama nyuma yangu yeye mwenyewe, redio mkononi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Tumebeba mafungu tisa. Hatukuongea nje ya kazi. Kwenye basi la kurudi kiti cha pembeni yangu kilikaa kitupu, na watu wawili walikuwa wamesimama.

Nimefika kempu magharibi. Erisa yupo kitandani, wamempa vidonge, kesho ndiyo ofisi itaamua. Amelala ameelekea ukutani. Nimemwekea chupa ya maji na chungwa karibu na mto. Chumba kizima, kila mtu anajifanya anaangalia simu. Mgongo wake unapanda na kushuka chini ya shuka, unapanda na kushuka. Nimesimama pale nikiutazama mpaka Evans akaniambia nizime taa, watu walale.